Somo kwa Makatibu na Wanachama: Pikipiki ya Kwanza na Dereva Asiyeizoea

Vyama vingi vya msingi vimefikia hatua ambayo baiskeli ya katibu haitoshi tena. Vituo vya mizani vimeongezeka, benki iko mjini, na barua ya Chama Kikuu inayotaka hesabu ya magunia haingoji. Basi Mkutano Mkuu huombwa kupitisha fedha za pikipiki, wanachama hukubali kwa makofi, na kazi ya kuchagua huachiwa watu wawili au watatu wanaotumwa dukani. Huko huuliza maswali mawili: bei ni kiasi gani, na nguvu ni kiasi gani. Swali la tatu, ambalo lingepasa kuwa la kwanza, mara nyingi halisemwi kabisa: ni nani atakayeipanda?

Somo hili lahusu swali hilo. Limekusudiwa chama kinachotaka kununua pikipiki ya barabarani kwa ajili ya mtumishi ambaye hajapata kuendesha chombo cha moto. Lakini mwanachama anayekopa katika chama chake cha akiba na mikopo ili ajinunulie pikipiki ya kwanza, au amnunulie kijana wake, atakuta kwamba mambo ni yale yale.

Ichukuliwe mfano wa chama chenye ghala moja na vituo vitatu vya kununulia mazao. Mji wenye benki uko umbali wa kilometa 30, nusu ya njia ni lami na nusu ni udongo mwekundu. Katibu ni mama wa miaka 41, kimo chake ni sentimeta 156, na baiskeli ameipanda tangu alipokuwa shuleni. Bodi inampeleka dukani pamoja na mwenyekiti na mjumbe mmoja. Muuzaji anawatolea pikipiki ndefu yenye tairi za meno, ya namna ile ambayo mabwana shamba na maofisa wa miradi huonekana wakiipanda. Katibu anapanda, na ncha za vidole vya mguu mmoja tu ndizo zinazogusa sakafu.

"Utazoea, mama," anasema muuzaji.

Mwenyekiti naye anaongeza kwamba pikipiki ya namna hiyo inakifaa chama kwa heshima yake. Hapo hundi iko karibu kuandikwa.

Neno hilo "utazoea" linastahili kupimwa kwa makini kuliko bei. Ni kweli kwamba mtu huzoea, lakini hatari iko katika ile miezi ya kuzoea. Mwaka 1981 ulitolewa huko Marekani uchunguzi mkubwa wa ajali za pikipiki ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Wachunguzi walifika wenyewe penye ajali 900 katika eneo la Los Angeles. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa hawajatimiza miezi 5 juu ya pikipiki ile iliyohusika, ingawa kwa wastani walikuwa wamekwisha kupanda pikipiki barabarani kwa karibu miaka 3. Tena waendeshaji 92 katika kila 100 walikuwa wamejifunza peke yao, au wamefundishwa na jamaa na rafiki. Barabara za Los Angeles si barabara za vijijini, lakini mkono unaoshika breki na mguu unaotafuta ardhi ni vile vile popote. Kama mwenye uzoefu wa miaka 3 huponzwa na ugeni wa chombo, mtu asiye na uzoefu hata wa siku moja hana sababu ya kuongezewa ugumu mwingine juu ya ugeni huo.

Kimo cha kiti na uzito

Jambo la kwanza la kupima ni miguu. Anayejifunza husimama mara nyingi kuliko anayejua: husimama penye shimo, penye ng'ombe, penye njia panda, na kila injini inapozimika kwa sababu ameachia klachi upesi. Kila anaposimama, mguu ndio nguzo ya pikipiki. Ikiwa nyayo zote mbili zafika chini, au walau sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili, kusimama ni jambo dogo. Ikiwa ni ncha za vidole vya upande mmoja, basi jiwe moja au mteremko mdogo upande ule watosha kumwangusha, naye akiwa hana mwendo wowote. Anguko la namna hiyo haliui, lakini huvunja mkono wa klachi, hupinda usukani, na huunguza mguu kwa bomba la moshi. Zaidi ya hayo humtia mtu woga, na mwenye woga hukaza mikono, asiweze kukata kona vizuri.

Pikipiki nyingi za barabarani zenye injini ndogo zina kiti cha kimo cha kati ya sentimeta 75 na 80 kutoka chini. Zile za tairi za meno, zilizobuniwa kwa njia mbaya, mara nyingi hupita sentimeta 82. Tofauti hiyo ya sentimeta chache yaonekana ndogo katika karatasi, lakini kwa mtu wa kimo cha katibu wetu wa mfano ndiyo tofauti kati ya kusimama na kuning'inia. Kwa hiyo mpandaji mwenyewe aende dukani, avae viatu atakavyovaa kazini, akae juu ya kiti pikipiki ikiwa imetolewa kwenye stendi yake, na akae pale dakika kumi bila kuharakishwa. Mjumbe mrefu asimpimie.

Uzito wapasa kupimwa kwa njia hiyo hiyo. Pikipiki ya barabarani yenye injini ya sentimeta za ujazo 100 hadi 150 huwa na uzito wa kilo 100 hadi 130 hivi. Mtu mzima mwenye afya aweza kuisukuma, kuigeuza uani, na kwa kujua namna, kuiinua ilipoanguka. Njia ya kuiinua ni kuipa mgongo, kushika usukani na fremu, na kusukuma kwa miguu, si kwa kiuno. Jaribio la haki ni kumwambia mpandaji aisukume pikipiki iliyozimwa hatua ishirini mbele, aigeuze, airudishe. Akishindwa kufanya hivyo kwenye sakafu ya duka, hataweza kuitoa topeni mwezi wa nne.

Injini

Hapa ndipo maneno huwa mengi, na mengi yao ni ya bure. Nguvu kubwa haimsaidii mgeni wa pikipiki, humtangulia. Injini ya sentimeta 100 hadi 125, au "sisi 125" kama mafundi wasemavyo, hutoa nguvu za farasi 8 hadi 11 hivi. Nguvu hiyo yatosha kumpeleka mtu mmoja na mkoba wake wa vitabu kwa kilometa 60 au 70 kwa saa kwenye lami, na hakuna kazi ya chama inayohitaji mwendo zaidi ya huo. Penye milima mirefu, au pale ambapo mkaguzi wa mazao atabebwa nyuma mara kwa mara, sentimeta 150 ina haki yake. Lakini pikipiki za mashindano ya barabarani zenye injini ya sentimeta 600 hutoa nguvu za farasi zaidi ya 100. Kosa dogo la mkono kwenye ekseleta ya pikipiki ndogo huleta mshtuko, na kosa lile lile kwenye ile kubwa humwondoa mpandaji barabarani.

Kinachotakiwa ni injini yenye silinda moja, inayopozwa kwa hewa, ya mipigo minne. Injini za mipigo miwili, zilizokuwa nyingi sana katika miaka ya 1970 na 1980, ni nyepesi na rahisi, lakini hutaka oili yake ya kuchanganywa na petroli, na nguvu yake mara nyingi hulala, kisha huamka ghafula injini inapokwenda kasi. Mwanafunzi hahitaji kushtukizwa.

Kuna historia moja inayofaa kujulikana na kila chama kinachonunua chombo cha kazi. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi pikipiki hubebeshwa kupita kiasi, hupitishwa vumbini, na oili yake haibadilishwi kwa wakati. Badala ya kuwalaumu wenye pikipiki, walibadili injini. Waliacha ule ufundi wa mnyororo wa ndani unaozungusha mhimili wa vali ulioko juu, wakarudia ufundi wa zamani wa vijiti vya kusukuma vali, ambao husamehe uzembe zaidi. Kiwanda cha Manaus nchini Brazili kilianza kuiunda mwaka 1976, nchi ya Pakistani ikaja kuiunda pia, na viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo. Ndiyo sababu pikipiki za Kichina za majina mbalimbali hushirikiana vipuri vingi, na fundi wa chini ya mwembe huifungua injini hiyo bila kutazama kitabu.

Pikipiki za Kihindi za aina ya Bajaj Boxer na TVS HLX, ambazo leo zimejaa katika barabara za Afrika Mashariki, zimepata nafasi yao kwa sababu kama hiyo: ni za silinda moja, ni nyepesi, na vipuri vyake hupatikana mbali na miji mikubwa. Kabla ya kuamua, katibu na atembee katika mji wake wa karibu aulize bei na kuwapo kwa vitu vitano: mnyororo na meno yake, viatu vya breki, waya wa klachi, plagi, na tairi ya nyuma. Pikipiki ambayo vitu hivyo vitano haviko katika mji ule si ya kununua, hata ikiwa inauzwa kwa nusu ya bei.

Pikipiki zilizotumika kutoka Japani huwavuta wengi kwa uzuri wake. Mara nyingi ni za sentimeta 250 na 400, na sababu yake ni sheria za huko: leseni ya kawaida ya pikipiki ina ukomo wa sentimeta 400, na isiyozidi 250 haidaiwi ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara. Baadhi ya hizo za 400 zina silinda nne na kabureta nne, na uzito unaokaribia kilo 190. Ni vyombo vizuri kwa mtu anayejua na aliye na fundi wake. Kwa katibu wa kijijini si vyombo vya kujifunzia.

Pikipiki za umeme zimeanza kuenea katika miji kama Kigali na Nairobi, ambako vituo vya kubadilishana betri vimejengwa. Mahali pasipo na kituo, chama kisubiri.

Breki na gia

Umbali wa kusimama haukui sawasawa na mwendo. Mtu aendaye kilometa 40 kwa saa hupita meta 11 katika sekunde moja ya kushtuka kabla hajagusa breki, kisha huhitaji meta 12 hivi za kusimama kwenye lami kavu kwa breki ya wastani. Akienda kilometa 80, hupita meta 22 katika sekunde ile, na kusimama kwake kwataka karibu meta 49. Mwendo umezidi mara mbili, lakini umbali wa breki umezidi mara nne.

Katika kusimama huko, breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa maana uzito wote huja mbele. Wageni wa pikipiki huiogopa. Wamesikia kwamba itawarusha juu ya usukani, basi hukanyaga ya nyuma peke yake mpaka gurudumu likateleza. Uchunguzi wa mwaka 1981 uliotajwa hapo juu uliona jambo hilo hilo: penye hatari waendeshaji walikanyaga mno breki ya nyuma na kuitumia kidogo ya mbele. Dawa yake ni mazoezi ya kuibana ya mbele polepole, kama mtu akamuaye chungwa, pikipiki ikiwa imenyooka. Kwenye mchanga na kokoto huibanwa kwa upole zaidi, na katikati ya kona haibanwi ghafula.

Breki ya diski mbele huuma kwa nguvu zaidi kuliko ya ngoma, na hukauka upesi baada ya kuvuka maji. Ya ngoma hustahimili matope na hutengenezwa kwa gharama ndogo. Zote mbili zafaa. Ikiwa fedha yaruhusu, itazamwe pikipiki yenye breki zilizounganishwa, ambazo mpandaji akikanyaga ya nyuma, ya mbele nayo hushika kiasi. Nchini India, tangu mwaka 2019, pikipiki mpya zisizozidi sentimeta 125 hulazimika kuwa na mpango huo au bora kuliko huo, na zile zinazozidi hapo hulazimika kuwa na mtambo unaozuia magurudumu yasijifunge. Lakini zinazouzwa nchi za nje si lazima ziwe nao. Muuzaji aulizwe, kisha chombo kitazamwe, kwa kuwa jina lililobandikwa tangini halithibitishi kitu.

Kuhusu gia, jambo moja husahauliwa. Mpango wake haufanani katika pikipiki zote. Katika nyingine gia zote hukanyagwa chini kwa mbele, na katika nyingine ya kwanza hukanyagwa na zilizobaki huinuliwa. Mtu aliyejifunza kwa pikipiki ya jirani yenye mpango mmoja, kisha akakabidhiwa ya chama yenye mpango mwingine, aweza kuteremsha gia mahali alipotaka kuipandisha. Kwa hiyo ajifunze kwa ile ile atakayoitumia, au ya mpango huo huo.

Magurudumu ya inchi 17 au 18 hupita juu ya mashimo bila taabu. Skuta za magurudumu madogo, zisizo na klachi ya mkono, ni rahisi kuliko zote kwa kujifunza na zafaa sana mjini, ila shimo ambalo pikipiki hulivuka, skuta huingia ndani yake. Rangi na mapambo visijadiliwe katika kikao.

Ikiwa ni ya mtumba

Iliyotumika yaweza kuwa chaguo la busara, kwa kuwa mwanafunzi ataiangusha hata ikiwa mpya. Mnunuzi afike asubuhi, bila kutangaza saa, aguse injini kwanza. Ikiwa ina joto, ajue kwamba imewashwa ili kuficha ugumu wa kuwaka ikiwa baridi. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua. Achuchumae nyuma ya pikipiki atazame kama magurudumu mawili yako katika mstari mmoja. Yasipokuwa hivyo, huenda fremu imepinda kwa ajali. Ainue gurudumu la mbele na kuzungusha usukani taratibu: ukikwama kidogo katikati, bolingi za shingo zimekwisha. Tairi za viwanda vingi zina tarakimu nne zilizochapwa pembeni, mbili za juma na mbili za mwaka zilipotengenezwa. 1519 ni juma la 15 la mwaka 2019. Tairi ya zamani iliyopasuka-pasuka pembeni haifai, hata ikiwa meno yake ni mazima. Mwisho, namba ya fremu na namba ya injini zisomwe kwa macho na kulinganishwa na kadi ya usajili. Zisipolingana, mazungumzo ya bei yakome hapo.

Fedha za kupitishwa na Mkutano Mkuu

Makosa ya makisio ni kuandika bei ya pikipiki peke yake. Pikipiki hula. Katibu wetu wa mfano akienda mjini na kurudi mara 8 kwa mwezi, hiyo ni kilometa 480. Kwa pikipiki ya sentimeta 125 inayokwenda kilometa 45 kwa lita, atahitaji lita 11 kasoro kidogo. Kwa ya sentimeta 400 inayokwenda kilometa 22 kwa lita, ni karibu lita 22. Tofauti hiyo ya lita 11 kila mwezi wanachama wataitoa katika ushuru wa mazao yao. Oili ya injini ndogo ni kama lita moja, nayo yapasa kubadilishwa kwa kufuata kitabu cha kiwanda. Ya kwanza kabisa hubadilishwa mapema zaidi, kwa kuwa hubeba chembe za chuma za injini mpya.

Kisha kuna usajili, leseni, na bima. Bima ya mtu wa tatu hulipa madhara ya wengine, si ya pikipiki wala ya mpandaji. Ikiwa pikipiki imenunuliwa kwa mkopo, Bodi na iulize bei ya bima kubwa, ili chama kisije kikaendelea kulipa deni la chombo kilichoibwa. Mkopo wenyewe usivuke ukomo wa madeni uliowekwa na Mkutano Mkuu na kukubaliwa na Mrajis.

Kofia ngumu iandikwe katika makisio kama kitu cha lazima, wala si zawadi ya duka. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya matokeo ya uchunguzi wa nchi mbalimbali walikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Iwe na alama ya ubora, kama herufi E ndani ya duara, iukae kichwa bila kucheza, na mkanda wake ufungwe. Kofia mbili zahitajika, kwa kuwa abiria naye ana kichwa. Viatu vinavyofunika vifundo, glavu, na koti la mikono mirefu si anasa; asiyeamini na atazame mikono ya vijana walioteleza kwenye kokoto.

Fedha za mafunzo zisikatwe. Katibu apelekwe katika chuo cha udereva kilichosajiliwa, apate leseni ya daraja la pikipiki linalohusika, na kabla ya hapo asitumwe barabarani kwa kazi ya chama. Baada ya leseni, juma mbili za kwanza zitumike uwanjani na katika njia za kijiji: kuondoka, kusimama, kuzunguka nane, kubana breki mbili pamoja. Miezi mitatu ya kwanza asibebe abiria, asibebe gunia, asisafiri usiku. Fedha za benki zisichukuliwe na mtu mmoja juu ya pikipiki, mgeni wala mzoefu.

Katika ule mfano, mama yule alishuka kutoka juu ya pikipiki ndefu akasema, "Mwenyekiti, heshima ya chama ni mimi kufika na vitabu." Wakaomba waonyeshwe ile ya sentimeta 125 iliyokuwa imeegeshwa ukutani. Nyayo zake zilifika chini zote mbili. Aliisukuma hatua ishirini, akaigeuza, akairudisha. Bei ilipungua kiasi cha kutosha kununua kofia mbili, mafunzo ya chuoni, na mnyororo wa akiba, na muhtasari wa Bodi ukaandika mambo manne: jina la dereva aliyeruhusiwa, mahali ufunguo utakapolala usiku, daftari la kilometa na petroli litakalosainiwa kila safari, na tarehe ya kubadili oili kwa mara ya kwanza.